Tairi lipi kwa njia ipi? Namna ya kuchagua matairi ya baiskeli ya milimani

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa mijini wanaponunua baiskeli ya milimani huuliza mambo matatu: bei, idadi ya gia na aina ya breki. Ni wachache wanaoinama kutazama matairi. Hata hivyo, katika baiskeli nzima ni matairi mawili tu yanayogusa ardhi, na sehemu ya tairi inayogusa ardhi kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja cha mtoto. Fremu iwe nyepesi kiasi gani, breki ziwe kali kiasi gani, tairi likishateleza vyote hivyo havina msaada tena.

Jambo hilo hujidhihirisha pale mtu anapoiacha lami ya Dar es Salaam na kuelekea vilima vya Pugu na Kisarawe, miteremko ya Uluguru mkoani Morogoro, au vijia vyekundu vya milima ya Usambara wilayani Lushoto. Tairi lililokuwa likienda kimya na kwa kasi barabarani huanza kuzunguka bure kwenye mwinuko, kuzama kwenye mchanga, au kuponyoka kwenye kona baada ya mvua. Wengi hudhani kwamba wao ndio wasiojua kuendesha. Mara nyingi kosa ni la tairi, au la upepo uliojazwa ndani yake.

Kosa hilo lina gharama. Kuanguka kwenye mteremko wenye mawe kunaweza kumvunja mtu mkono au bega, na pancha iliyotokea kilometa 20 kutoka kwa fundi wa karibu inaweza kumlaza mtu njiani. Kwa sababu hiyo, kulijua tairi ni sehemu ya usalama wa mwendeshaji kabla ya kuwa suala la kasi au mashindano.

Lilikotoka tairi hili

Tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli lilianza kutumika baada ya mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipolipatia hataza. Kwa miongo mingi baadaye matairi ya baiskeli yalikuwa membamba, yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1933, wakati kampuni ya Schwinn ya Chicago, Marekani, ilipoanza kuuza baiskeli zenye matairi mapana ya inchi 26 kwa 2.125. Baiskeli hizo nzito zilipendwa na watoto na wagawa magazeti, kisha zikasahaulika ghalani kadiri miaka ilivyopita.

Katika miaka ya 1970, kikundi cha vijana wa Marin, jimboni California, kilizifufua baiskeli hizo kuukuu na kuanza kushuka nazo milima iliyo karibu na mlima Tamalpais. Walizichagua kwa sababu moja kubwa: matairi yake mapana yaliweza kuvumilia mawe na vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lililokuja kujulikana kwa jina la Repack, katika njia ya zaidi kidogo ya kilometa 3 iliyoshuka takribani meta 400. Jina hilo lilitokana na breki za kitovu za baiskeli hizo, ambazo zilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kila mteremko ililazimu kupakwa grisi upya.

Kutoka hapo mchezo ulisambaa duniani, na mwaka 1996 uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Kwa hiyo tairi pana lenye meno lilitangulia, na baiskeli ya milimani ikajengwa baadaye kulizunguka tairi hilo.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Hatua ya kwanza dukani ni kusoma maandishi yaliyopo kwenye ubavu wa tairi. Baiskeli za milimani zina vipimo vitatu vikuu vya gurudumu: inchi 26, inchi 27.5 na inchi 29. Kipimo cha inchi 26 ndicho kilichotawala hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, na bado kinapatikana katika baiskeli nyingi zilizotumika. Baiskeli mpya za watu wazima kwa kawaida huja na inchi 29 au 27.5.

Hata hivyo, inchi zinaweza kumdanganya mnunuzi. Kipimo cha kuaminika ni namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 57-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimeta, na ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Ringi ya inchi 26 ya milimani ina kipenyo cha milimeta 559, ya inchi 27.5 ina milimeta 584, na ya inchi 29 ina milimeta 622.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Baiskeli za mjini zinazoletwa zikiwa zimetumika kutoka Japani mara nyingi zina matairi yaliyoandikwa 26 x 1 3/8, ambayo kipenyo chake ni milimeta 590. Tairi la milimani la inchi 26 kwa 2.1 haliwezi kuingia kwenye ringi hiyo, ingawa yote mawili yameandikwa 26. Vivyo hivyo, baiskeli ndefu za kubebea mizigo zenye matairi ya 28 x 1 1/2 zina ringi ya milimeta 635, kubwa kuliko ile ya inchi 29. Kanuni ni rahisi: upana uliopigwa nukta, kama 2.1, haulingani na upana ulioandikwa kwa sehemu, kama 1 3/8. Asiye na hakika aende dukani na tairi lake kuukuu.

Baada ya kipenyo hufuata upana. Matairi ya mbio za milimani huwa na inchi 2.1 hadi 2.4. Matairi ya matumizi ya jumla huwa kati ya 2.25 na 2.5, na ya miteremko mikali hufika 2.6. Tairi pana hushika ardhi vizuri zaidi na kupunguza mtikisiko, lakini lina uzito zaidi na linahitaji nafasi ndani ya fremu. Kabla ya kununua tairi pana kuliko la awali, ipimwe nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu kila upande. Ikibaki chini ya milimeta 6 hivi, tope kidogo tu litaanza kuikwangua fremu.

Kashata na kazi zake

Matuta madogo ya mpira yaliyopo juu ya tairi, ambayo mafundi wengi huyaita kashata, ndiyo yanayoamua tairi linafaa wapi. Kashata za katikati hufanya kazi wakati baiskeli imesimama wima, yaani wakati wa kupanda na kufunga breki. Kashata za pembeni huanza kugusa ardhi baiskeli inapolala kwenye kona, na hizo ndizo zinazomzuia mwendeshaji asiponyoke.

Urefu wa kashata na nafasi kati yake ndiyo mambo mawili ya kutazama. Kashata fupi zilizobanana huzunguka kwa wepesi kwenye ardhi ngumu. Kashata ndefu zilizoachana huchimba ardhi laini na kutema tope, lakini kwenye ardhi ngumu hupinda, huzomea na kumchosha mwendeshaji.

Aidha, ubavuni mwa matairi mengi kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzungukia. Baadhi yana mishale miwili: mmoja wa gurudumu la mbele na mwingine wa nyuma. Tairi lililofungwa kinyume halitapasuka, lakini litashika ardhi chini ya uwezo wake. Fundi aliyezoea baiskeli za mizigo huenda asiutazame mshale huo, hivyo ni vyema mwenye baiskeli akauangalia mwenyewe kabla ya kulipa.

Mpira laini, mpira mgumu

Matairi mawili yenye kashata zinazofanana yanaweza kuwa tofauti kabisa kwa sababu ya mpira wenyewe. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Mpira wa namba 42 ni laini na hung'ang'ania mawe yenye maji, lakini huisha haraka. Mpira wa 60 na zaidi ni mgumu, hudumu muda mrefu, ila huteleza kwenye mwamba na mizizi iliyoloa. Watengenezaji wengi huchanganya: mpira mgumu katikati na laini pembeni.

Ndani ya mpira kuna kitambaa cha nyuzi. Idadi ya nyuzi kwa inchi huandikwa kwa kifupi TPI. Tairi la TPI 120 lina nyuzi nyembamba, ni jepesi na hujikunja vizuri kufuata umbo la ardhi. Tairi la TPI 60 lina nyuzi nene zaidi na kwa kawaida huvumilia zaidi mikwaruzo. Kwa njia zenye miiba na mawe makali, wepesi wa TPI 120 usimvutie mtu hadi akasahau ubavu imara.

Ukingo unaoshika ringi nao ni wa aina mbili. Tairi la bei nafuu lina waya wa chuma na haliwezi kukunjwa. Tairi la gharama kubwa zaidi lina nyuzi ngumu za aramidi, ni jepesi na hukunjwa likaingia kwenye begi. Kwa mwendeshaji wa kawaida, waya hauna ubaya wowote. Fedha ya ziada ina faida zaidi ikitumika kupata mpira bora kuliko ukingo wa kukunjwa.

Njia kavu na ngumu

Wakati wa kiangazi, njia nyingi za vijijini huwa zimekanyagwa na watu, mifugo na pikipiki hadi zikawa ngumu kama sakafu. Hapa tairi la kashata fupi zilizobanana, la upana wa inchi 2.1 hadi 2.3, ndilo linalofaa. Huzunguka kwa wepesi na halichoshi. Njia za msitu wa Karura jijini Nairobi, ambazo waendesha baiskeli huruhusiwa kuzitumia, ni mfano mzuri wa ardhi ya aina hiyo wakati wa ukavu.

Hatari ya njia hizi ni vumbi au changarawe iliyotawanyika juu ya ardhi ngumu. Kashata haziwezi kuchimba kwa kuwa chini ni kugumu, na juu kuna vijiwe vinavyobingirika kama gololi. Hali hiyo hupatikana katika barabara nyingi za kifusi na pia katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na ziwa Naivasha, Kenya, mahali ambapo wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyamapori. Katika ardhi ya namna hiyo linafaa tairi la kashata za wastani katikati na kashata imara pembeni, na upepo upunguzwe kidogo. Breki ifungwe kabla ya kona, kwa sababu tairi linalofunga breki na kukata kona kwa wakati mmoja huwa limelemewa.

Mvua na matope

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hugeuza kila kitu. Udongo mwekundu wa Usambara, ambao Januari hushikilia tairi vizuri, huwa kama sabuni ukiloa. Tairi la kiangazi hujaa tope ndani ya dakika chache, kashata hazionekani tena, na mwendeshaji hubaki kama anaendesha kwenye tairi kipara.

Tairi la matope lina kashata ndefu, chache, zilizoachana, ili kila gurudumu linapozunguka tope lirushwe nje. Wengi hushangaa kusikia kwamba tairi la matope mara nyingi ni jembamba. Sababu ni mbili: tairi jembamba hukata tope laini na kufikia ardhi ngumu iliyo chini, na pia huacha nafasi ya tope kupita kati yake na fremu.

Udongo mweusi wa mbuga ni suala jingine. Ukiloa hunata kwenye tairi, huokota nyasi na vijiti, kisha hujibana kwenye fremu hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Hakuna tairi lililotengenezwa linaloushinda udongo huo. Anayeufahamu hutafuta njia nyingine, au husubiri siku moja au mbili za jua. Kulazimisha kunaweza kukunja kishikio cha gia ya nyuma na kuifanya safari iishe kwa miguu.

Ipo pia sababu ya kiungwana ya kusubiri. Vijia vingi vya milimani ni njia za wakulima kwenda shambani na za watoto kwenda shule. Tairi la kashata ndefu likipita kwenye udongo uliolowa huacha mfereji, na mvua inayofuata huugeuza kuwa korongo.

Mawe, mizizi na mchanga

Kwenye mawe na mizizi yenye unyevu, urefu wa kashata hausaidii sana, kwa kuwa hakuna kinachoweza kuchimbwa. Kinachosaidia ni mpira laini, upepo mdogo na kashata zenye mikato midogo juu yake, inayoziwezesha kujipinda na kulikumbatia jiwe. Mwendeshaji naye asikate kona juu ya mzizi uliolowa. Aupite kwa kuukabili moja kwa moja, breki zikiwa zimeachiwa.

Mawe makali ya volkeno yanahitaji tahadhari ya pekee. Katika Hell's Gate hupatikana obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa na lenye kingo kali kama chupa iliyovunjika. Jiwe kama hilo haliishii kutoboa tairi, bali linaweza kuuchana ubavu wake. Hapo ndipo tairi lenye ubavu ulioongezewa nguvu linapolipa gharama yake.

Mchanga wa pwani una kanuni yake. Kashata ndefu huchimba na kulizamisha gurudumu. Linalohitajika ni upana, ili uzito usambae, pamoja na upepo mdogo. Baiskeli maalumu zenye matairi ya inchi 3.8 hadi 5 zimetengenezwa kwa ajili ya mchanga na theluji, lakini mwenye tairi la 2.4 anaweza kupita mchanga mfupi akipunguza upepo, akihamishia uzito nyuma kidogo na kuendelea kukanyaga bila kugeuza usukani ghafla.

Mbele na nyuma si sawa

Wauzaji wengi huuza matairi mawili yanayofanana, lakini kazi za magurudumu hayo mawili ni tofauti. Gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito na husukuma baiskeli. Gurudumu la mbele huongoza njia na hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha baiskeli breki zinapofungwa.

Tairi la nyuma likiteleza, mwendeshaji mara nyingi hupata nafasi ya kujirekebisha. Tairi la mbele likiteleza kwenye kona, kwa kawaida huwa amekwisha kuanguka kabla hajajua kilichotokea. Kutokana na hali hiyo, utaratibu unaofuatwa na waendeshaji wengi ni kuweka mbele tairi pana zaidi, lenye kashata kubwa na mpira laini, na nyuma kuweka tairi lenye kashata fupi zaidi linalozunguka kwa wepesi. Kwa mfano, wapo wanaofunga Maxxis Minion DHF mbele na tairi la kashata za chini nyuma. Mwenye fedha ya tairi moja tu jipya alifunge mbele, na lile la mbele lililokuwa na nafuu alihamishie nyuma.

Upepo: marekebisho yasiyo na gharama

Kosa la kawaida kuliko yote ni kujaza upepo kupita kiasi. Tairi lililokakamaa kama jiwe huonekana imara, lakini njiani hurukaruka juu ya kila kokoto na kupoteza mshiko. Tairi lenye upepo wa wastani hubonyea, hulifunika jiwe na kuendelea mbele. Kwenye ardhi yenye mabonde madogo, tairi hilo huwa hata na kasi zaidi, kwa sababu nguvu za mwendeshaji hazipotei katika kurushwarushwa.

Upepo hupimwa kwa psi, yaani paundi kwa inchi ya mraba. Mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi la inchi 2.2 na mpira wa ndani anaweza kuanzia psi 28 mbele na 31 nyuma. Mzito zaidi aongeze, mwepesi apunguze, na tairi pana zaidi lihitaji kidogo zaidi ya hapo kupunguzwa. Kisha apunguze psi 2 kila safari hadi ahisi tairi linayumba kwenye kona au ringi inagonga mawe. Hapo atakuwa amevuka mpaka, na anapaswa kurudisha psi 2 au 3. Viwango vya juu na vya chini vilivyoandikwa ubavuni visipitwe.

Ringi ikigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa na kutoboka matundu mawili yanayoelekeana, mfano wa alama za meno ya nyoka. Anayeyakuta matundu hayo ajue kwamba hakuchomwa na mwiba. Upepo wake ulikuwa mdogo mno kwa njia aliyopita.

Msafiri kutoka pwani akumbuke pia mwinuko. Hewa ya Lushoto, iliyo karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina mgandamizo mdogo kuliko ya Dar es Salaam. Tairi lililojazwa jijini litasoma takribani psi 2 zaidi likifika huko, ingawa baridi ya mlimani hupunguza tena sehemu ya ongezeko hilo. Inafaa kupima upya asubuhi ya safari.

Pampu za vituo vya mafuta zitumiwe kwa uangalifu. Hujaza kwa nguvu na tairi la baiskeli ni dogo, hivyo laweza kupasuka kwa sekunde chache. Isitoshe, huingia tu kwenye valvu nene inayofanana na ya gari. Valvu nyembamba iitwayo Presta huhitaji pampu yake au kiunganishi kidogo cha shaba.

Miiba na tubulesi

Katika maeneo makavu yenye migunga, kama kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, adui mkuu ni mwiba. Mbigili, mmea mdogo unaotambaa kando ya njia, una mbegu zenye miiba inayoelekea juu kila upande inapoanguka. Mtu anaweza kutoka mapumzikoni akiwa na pancha zaidi ya moja.

Dawa iliyoenea ni mfumo wa tubulesi, ambao hauna mpira wa ndani. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa, ikishirikiana na watengenezaji wa matairi, iliutambulisha mfumo wake wa UST kwa baiskeli za milimani mwaka 1999. Ringi huzibwa kwa utepe, tairi hubana ukingoni, na ndani humiminwa utomvu maalumu wa kuziba matundu. Mwiba ukitoboa, utomvu hukimbilia tunduni, hukauka na kuziba mwendeshaji akiwa bado anaendelea na safari. Kwa kuwa hakuna mpira wa ndani wa kubanwa, upepo waweza kushushwa hadi psi 22 mbele na 25 nyuma kwa mtu wa uzito wa wastani.

Mfumo huo una masharti yake. Ringi na tairi vyote viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Utomvu hukauka baada ya miezi michache, na mapema zaidi kwenye joto, hivyo huhitaji kuongezwa. Mchano mkubwa ubavuni hauzibiki, ndiyo maana mwenye tubulesi bado hubeba mpira wa ndani mmoja, pampu ndogo, vishikizo vya kutolea tairi na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ya mchano.

Asiye na uwezo wa kubadili ringi asijione ameachwa nyuma. Mpira mzito wa ndani, utepe mgumu wa kuzuia miiba, na viraka vitatu au vinne pamoja na gundi yake vimewarudisha wengi nyumbani.

Lini libadilishwe

Tairi la nyuma huisha haraka kuliko la mbele. Kashata za katikati zikibaki nusu ya urefu wake wa mwanzo, mshiko wa kupanda na kufunga breki huwa umepungua. Kashata za pembeni zikianza kuchanika mizizi, tairi litolewe hata kama katikati bado linaonekana jipya, kwa sababu kashata hizo ndizo zinazobeba kona.

Anayenunua baiskeli iliyotumika alibonyeze tairi kwa vidole na kuutazama ubavu. Mpira huzeeka hata bila kutumika. Jua na hewa huukausha ukapasuka nyufa ndogo. Nyuzi zikionekana, au tairi likivimba sehemu moja, hilo si la kupelekwa mlimani. Kinga ni bora kuliko tiba, na bei ya tairi moja ni ndogo kuliko ya kufungwa plasta gumu hospitalini.

Kwa anayetaka jibu moja

Si kila mtu anaweza kumiliki matairi ya kiangazi na ya masika. Kwa mkazi wa mjini anayeendesha lami siku za kazi na vumbi mwishoni mwa wiki, chaguo lenye busara ni tairi la upana wa inchi 2.25 hivi, lenye kashata fupi zilizobanana katikati na kashata imara pembeni, mpira wa ugumu wa kati, ubavu ulioimarishwa na ukingo wa waya kama fedha ni haba. Mbele aweke lenye kashata kubwa kidogo.

Siku ya lami ajaze psi 40 au karibu na hapo, ikiwa ubavu unaruhusu. Siku ya vumbi apunguze hadi karibu 30. Siku ya mvua kubwa kwenye udongo mwekundu ashuke kidogo zaidi, apunguze mwendo, na mahali pa utelezi mkali ateremke na kuikokota baiskeli. Kwenye mbuga nyeusi iliyoloa, aiache nyumbani.